Bei ya Kutofuta

Chukua programu ya kutoa matokeo ya mtihani katika shule ya sekondari. Ndani yake mna orodha mbili: moja ya majina ya wanafunzi, nyingine ya alama zao, kwa mfuatano mmoja, hivi kwamba jina la kumi ndilo lenye alama ya kumi. Mwalimu wa taaluma anaomba aonyeshwe alama tatu za juu. Mwanaprogramu anaongeza mstari mmoja wa Python, alama.sort(reverse=True). Alama zinajipanga kutoka kubwa hadi ndogo, tatu za juu zinatokea kwenye skrini, mwalimu anashukuru. Programu inaendelea na hatua inayofuata, kuchapisha ripoti za wazazi, na mwanafunzi wa kwanza kwenye orodha ya majina, ambaye alipata 41, karatasi yake inasema 93. Wa mwisho kwenye orodha amebebeshwa alama ya chini kuliko zote. Hakuna onyo lililotolewa, programu haikukwama, na kila mstari ukisomwa peke yake ni sahihi.

Kama angeandika sorted(alama, reverse=True), mkasa huu usingetokea. Amri ya kwanza huipangua na kuipanga upya orodha ileile iliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ya pili huiacha kama ilivyo na kurudisha nyingine mpya. JavaScript ilikaa na amri ya aina ya kwanza kwa zaidi ya miaka 25, hadi mwaka 2023 ilipoingizwa toSorted, ya aina ya pili, kwenye viwango rasmi vya lugha hiyo. Ni nyongeza ndogo, lakini nyuma yake upo ubishi wa tangu enzi za kompyuta za mwanzo: je, programu iruhusiwe kubadilisha kitu kilichokwisha kuwekwa kwenye kumbukumbu, au kila badiliko lizae kitu kipya?

Lugha zinazoitwa za kifankisheni, kama Haskell, OCaml, Erlang, Elixir, Clojure na F#, zimeegemea jibu la pili, nyingine kwa ukali na nyingine kwa upole. Fankisheni ni sehemu ya programu inayopokea thamani, kuzifanyia kazi na kurudisha jibu. Katika hisabati, fankisheni ikipewa 3 leo ikatoa 10, itatoa 10 hata mwakani. Katika programu za kawaida hakuna uhakika huo, kwa sababu fankisheni inaweza kusoma saa ya kompyuta, kuandika kwenye hifadhidata au, kama tulivyoona, kuvuruga orodha ambayo wengine bado wanaitegemea. Ile isiyofanya lolote kati ya hayo, inayopokea na kurudisha tu, huitwa fankisheni safi. Wahasibu waliufuata utaratibu wa namna hii karne nyingi kabla ya kompyuta: aliyekosea kuandika marejesho ya mwanachama wa SACCOS hafuti, anaandika mstari mwingine wa kusahihisha, na ule wa zamani unabaki palepale kwa mkaguzi.

Asili ya lugha hizi ni kazi ya Alonzo Church, mwanahisabati wa Princeton, ambaye katika miaka ya 1930 alionyesha kwamba ukokotoaji wote unaweza kuelezwa kwa fankisheni peke yake. Mwaka 1958 John McCarthy wa MIT alianza kuitengeneza Lisp, lugha ya kwanza maarufu ya mkondo huo. Mwaka mmoja kabla yake IBM ilikuwa imetoa Fortran, lugha iliyofuata njia ya mashine zenyewe: weka thamani hapa, isome, ibadilishe, irudishe. Fortran ndiyo iliyoshinda sokoni, na takribani kila lugha inayotumika ofisini leo ina damu yake. Lakini kiongozi wa timu iliyoitengeneza, John Backus, alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1977 alisimama mbele ya wenzake na kuushambulia mtindo ule aliousimika mwenyewe. Alisema unamlazimisha mtu kufikiri kwa vipande vidogo vidogo vya kumbukumbu, kimoja baada ya kingine, na akapendekeza programu zijengwe kwa kuunganisha fankisheni. Binafsi nauona wakati ule kuwa mmoja wa nyakati za uungwana mkubwa katika historia ya fani hii.

Kwa nini kubadilisha kitu kwenye kumbukumbu kuwe hatari kiasi hicho? Mfano wa shule unaonyesha nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine hujitokeza pale sehemu mbili za programu zinapofanya kazi kwa wakati mmoja na zote zina ruhusa ya kuandika mahali pamoja.

Tarehe 14 Agosti 2003, mchana, katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya FirstEnergy jimboni Ohio, Marekani, mfumo wa tahadhari uliacha kutoa tahadhari. Haukuzima wala haukulalamika, ulinyamaza tu. Kwa zaidi ya saa moja waendeshaji waliamini gridi yao ni tulivu, kumbe nyaya za msongo mkubwa zilikuwa zikilegea kwa joto, zikigusa miti na kukatika moja baada ya nyingine. Kufikia jioni watu wapatao milioni 50 nchini Marekani na Kanada hawakuwa na umeme. Sababu za janga lile zilikuwa nyingi, ikiwamo miti ambayo haikupogolewa, lakini wahandisi wa General Electric, waliotengeneza mfumo wa tahadhari, walichunguza msimbo wao kwa wiki kadhaa mpaka wakaipata hitilafu. Prosesi mbili, yaani sehemu mbili za programu zinazoendeshwa sambamba, zilikuwa zimeandika kwenye muundo mmoja wa data kwa wakati mmoja, data ikaharibika, na programu ya tahadhari ikaingia kwenye mzunguko usio na mwisho. Mfumo huo ulikuwa umefanya kazi kwa wateja mbalimbali kwa jumla ya saa zaidi ya milioni 3 bila kasoro hiyo kujitokeza.

Hitilafu ya namna hii ndiyo inayomnyima mwanaprogramu usingizi. Haijirudii ukiitafuta, kwa sababu inategemea nani kafika kwanza kwa tofauti ya sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Huwezi kuikamata kwa kusoma mstari mmoja mmoja. Dawa ya kawaida ni kufuli: prosesi moja ifunge data, iandike, ifungue, wengine wasubiri. Makufuli yanasaidia, ila yana maradhi yake, kwani mawili yakisubiriana programu yote huganda. Lugha za kifankisheni zinaliondoa tatizo kwenye shina. Data isiyobadilika inaweza kusomwa na prosesi elfu moja kwa pamoja bila kufuli hata moja, maana hakuna anayeandika.

Jambo hili lilikuwa la wanazuoni zaidi hadi karibu mwaka 2004, kasi ya vichakataji ilipogonga ukuta wa joto. Watengenezaji wa chipu waliacha kuongeza kasi ya kiini kimoja wakaanza kuongeza idadi ya viini. Simu janja ya bei nafuu inayouzwa leo Kariakoo ina viini vinne au vinane. Programu isiyojua kugawana kazi kati ya viini hivyo hutumia kimoja, vingine vikakaa bure.

Kampuni iliyokutana na shida hii ya kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja mapema kuliko wengine ilikuwa ya simu. Mtambo wa simu hushughulikia maelfu ya mazungumzo kwa wakati mmoja na hauruhusiwi kuzimwa, hata kwa kuwekewa toleo jipya la programu. Katika maabara ya Ericsson nchini Sweden, Joe Armstrong alianza mwaka 1986 kutengeneza lugha ya kazi hiyo, kisha Robert Virding na Mike Williams wakaungana naye. Waliiita Erlang, jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyechunguza msongamano wa simu mwanzoni mwa karne ya 20.

Katika Erlang kila mazungumzo hupewa prosesi yake, nyepesi kiasi cha kuchukua kilobaiti chache tu, na kompyuta moja inaweza kuwa nazo mamia ya maelfu. Prosesi hazigusi kumbukumbu ya nyingine, zinapelekeana ujumbe. Thamani ikishapewa jina, jina hilo halipewi thamani nyingine ndani ya fankisheni ile. Na kwa kuwa hakuna kinachochangiwa, prosesi moja ikiharibika inaachwa ife, na msimamizi wake, ambaye naye ni prosesi, anaanzisha nyingine kutoka katika hali inayojulikana kuwa nzima. Simu moja inakatika, nyingine 9,999 zinaendelea. Katika lugha za kawaida mwanaprogramu hutumia nguvu nyingi kuzuia kila kosa lisitokee. Armstrong alilichukulia kosa kuwa jambo litakalotokea tu, akajenga namna ya kulimaliza bila kuwasumbua wengine. Kwangu hilo ndilo wazo kubwa la Erlang, kubwa kuliko sintaksia yake ambayo watu wengi huilalamikia.

Mwaka 1998 Ericsson ilitangaza mtambo wa AXD301, wenye zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang, na mwaka huohuo kitengo chake cha redio kikapiga marufuku Erlang kwenye bidhaa mpya. Lugha haikuwa na kosa la kiufundi. Kampuni haikutaka kubeba peke yake mzigo wa lugha isiyotumiwa na mtu mwingine: nani atafundisha wahandisi wapya, nani atatengeneza zana, wakiondoka wachache wanaoijua itakuwaje? Watengenezaji wake wakaomba iachiwe huria kwa umma, ikaachiwa Desemba 1998, na wengi wao wakaacha kazi kwenda kuanzisha kampuni yao. Miaka michache baadaye Ericsson ilimrudisha Armstrong kazini. Wakereketwa wa lugha hizi husimulia marufuku ile kama upumbavu wa mameneja. Mimi naona mameneja wale waliuliza swali halali kabisa, na kila anayefikiria kuanza mradi kwa lugha adimu anapaswa kujiuliza vivyo hivyo.

Kuachiwa huria ndiko kulikoiokoa. Jan Koum na Brian Acton walipoanzisha WhatsApp mwaka 2009 walichukua programu huria ya ujumbe iliyoandikwa kwa Erlang, ejabberd, wakaanza kuirekebisha. Januari 2012 walitangaza kuwa seva yao moja imeshika miunganisho ya simu zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Facebook ilipokubali kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji milioni 450 kila mwezi na wahandisi 32. Mhandisi mmoja kwa watumiaji milioni 14. Lakini upande wa simu haukuwa wa Erlang hata kidogo. Simu za Nokia zilizojaa Afrika Mashariki miaka ile, BlackBerry, Android na iPhone, kila moja iliandikiwa programu yake kwa lugha ya kawaida ya simu hiyo. Erlang ilikaa pale tu ilipoifaa kazi: katikati, kwenye kupokea na kupeleka.

Mfano wa pili wenye uzito unatoka kwa walioinunua WhatsApp. Mwaka 2015 Facebook ilieleza kuwa mfumo wake wa kupambana na barua taka na ulaghai, Sigma, umehamishiwa kwenye Haskell na unahudumia maombi zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Walaghai hubadilisha mbinu kila siku, kwa hiyo kanuni za kuwazuia hubadilishwa kila siku na watu wengi tofauti. Kanuni zikiwa fankisheni safi, ya mmoja haiwezi kuharibu ya mwenzake, na inaweza kujaribiwa peke yake kabla ya kuachiwa ifanye kazi dakika chache baadaye.

Sasa tuje kwenye gharama. Nimeona makala nyingi zinazosifia lugha hizi na kulipita jambo hili mbio mbio, na msomaji akienda kujaribu anavunjika moyo wiki ya kwanza.

Gharama ya kwanza ni kumbukumbu. Kama kila badiliko linazaa kitu kipya, je, kubadilisha kitu kimoja katika orodha ya vitu milioni moja ni kunakili milioni nzima? Jibu la kitaalamu ni hapana, na ni moja ya kazi nzuri sana za fani hii. Mtafiti Phil Bagwell alieleza mwaka 2001 miti ya data yenye matawi 32 katika kila kifundo, na Rich Hickey akalitumia wazo hilo katika Clojure, aliyoitoa mwaka 2007. Orodha ya vitu milioni moja inaenea kwenye ngazi 4 za mti huo, kwa kuwa 32 × 32 × 32 × 32 ni 1,048,576. Ukibadilisha kitu kimoja, vinanakiliwa vifundo 4 tu vilivyo njiani, yaani nafasi 128. Sehemu nyingine zote orodha mpya inazichangia na ya zamani bila hatari, kwa sababu hakuna atakayezibadilisha.

Nafasi 128 ni chache kuliko milioni, lakini ni nyingi kuliko moja, na amri ya kawaida ya kubadilisha hugusa moja. Kwa programu ya ofisi tofauti hiyo haionekani. Kwa kazi za picha, sauti na hesabu kubwa inaonekana sana. Picha ya pikseli milioni 12, kila pikseli baiti 3, ni megabaiti 36. Huwezi kuzaa picha mpya kwa kila mguso wa brashi. Ndiyo maana hesabu nzito za akili unde zinafanyika juu ya safu za namba zinazobadilishwa palepale zilipo, kwa msimbo wa C, C++ na wa chipu za michoro. Erlang yenyewe kwa miaka mingi iliwakilisha maandishi kama orodha ya namba, na kwenye mashine za biti 64 kila herufi ilikula baiti 16. Kwa mtambo wa simu si neno. Kwa programu ya kuchambua magazeti ni balaa.

Discord, huduma ya mazungumzo inayopendwa na wacheza michezo ya kompyuta, iliikuta gharama hii waziwazi. Mfumo wake wa ujumbe umeandikwa kwa Elixir, lugha changa inayoendeshwa juu ya mashine ya Erlang. Kila kikundi kina orodha ya wanachama iliyopangwa, na inabadilika kila mtu anapoingia au kutoka. Vikundi vilipofikia watu maelfu kwa maelfu, kuzaa orodha mpya kwa kila anayeingia kukawa mzigo. Mwaka 2019 kampuni ilieleza ilivyojaribu miundo kadhaa ya data ndani ya Elixir, kisha ikakiandika kipande hicho kimoja kwa Rust, lugha inayoruhusu kubadilisha data palepale, na kukiunganisha na mfumo uliobaki. Uamuzi ule naupenda kwa sababu haukuwa wa kiitikadi: walipima kwanza, wakabadilisha kipande kilichoumia, vingine wakaviacha.

Haskell ina gharama yake ya pekee. Haikokotoi kitu mpaka jibu lake lihitajike. Tabia hiyo inakuwezesha kueleza orodha isiyo na mwisho na kuchukua vitu vitano vya kwanza, na inapendeza kweli. Lakini ukijumlisha namba milioni 10 kwa njia isiyofaa, badala ya kubeba jumla, programu hubeba mlolongo wa ahadi milioni 10 za kujumlisha, kumbukumbu inajaa, na huoni kosa popote kwenye msimbo. Tofauti kati ya njia mbaya na nzuri inaweza kuwa alama moja ya nukta ya juu: foldl na foldl'. Kompaila husaidia mara nyingi, si mara zote. Mtu aliyezoea kuisoma programu na kukisia itakula kumbukumbu kiasi gani anaupoteza uzoefu huo akihamia Haskell, na kuujenga upya huchukua muda mrefu.

Kisha kuna ulimwengu wenyewe. Programu isiyogusa chochote haina faida kwa mtu. Lazima ichapishe, itume, ihifadhi. Haskell inaruhusu yote hayo, ila kila fankisheni inayogusa ulimwengu hutiwa alama katika aina yake, na alama hiyo hupanda kwa kila anayeiita. Siku ukitaka fankisheni iliyo ndani kabisa ya hesabu iandike kumbukumbu ya matukio, utabadilisha na anayeiita, na anayemwita huyo, mpaka juu. Wapo wanaosema huu ni usumbufu. Wapo wanaosema ndiyo faida yenyewe, kwani hakuna anayeweza kuficha mawasiliano na mtandao ndani ya fankisheni inayodai kukokotoa riba. Nadhani wote wawili wanasema kweli, na kinachoamua ni ukubwa wa hasara ikiwa fankisheni ile ya riba itafanya jambo usilolijua.

Hata faida ya viini vingi haikuja kwa wote. OCaml, lugha inayotumiwa na kampuni ya biashara ya hisa Jane Street na inayosifiwa kwa kasi, ilikaa na kufuli kuu lililoruhusu kiini kimoja tu kuendesha msimbo wake kwa wakati mmoja hadi toleo la 5, lililotoka Desemba 2022. Kuwa na data isiyobadilika ni jambo moja. Kuwa na mashine iliyojengwa kuitumia fursa hiyo ni jambo lingine.

Je, kwa ujumla programu za kifankisheni zina hitilafu chache? Mwaka 2014 watafiti walichambua miradi 729 ya GitHub na kusema kuwa lugha hizi zina nafuu kidogo. Wengine waliirudia kazi hiyo na kuchapisha mwaka 2019: sehemu kubwa ya uhusiano uliodaiwa haikuthibitika, na ule uliobaki ulikuwa mdogo mno kuwa na maana kazini. Anayekuambia kuwa sayansi imeshathibitisha ubora wa lugha hizi anakuuzia imani. Ushahidi tulio nao ni wa mifano kama Erlang na Sigma, ambapo tunaweza kueleza ni kitu gani hasa katika lugha kilichosaidia kazi ile.

Wakati ubishi ukiendelea, lugha za kawaida zilikuwa zikichota mawazo kutoka za kifankisheni. C# ilichota mwaka 2007, Java mwaka 2014 kwa toleo la 8, na JavaScript ilikuwa na fankisheni za kupitishwa mkononi tangu ilipozaliwa, kwa kuwa Brendan Eich aliajiriwa mwaka 1995 akiwa ameahidiwa kuiweka Scheme, ndugu ya Lisp, ndani ya kivinjari. Kotlin inakulazimisha useme kama jina litabadilika au la, var au val, kabla hujaendelea. Na mhasibu anayeandika fomula kwenye Excel anafanya kazi ya kifankisheni tupu: seli ya B2 inasoma A1, haiwezi kuibadilisha, na A1 ikibadilika B2 hukokotolewa upya yenyewe. Mamilioni ya watu ambao hawajawahi kujiita wanaprogramu wanaimudu njia hii bila kuogopa.

Matangazo ya kazi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala yanaomba watu wa JavaScript, PHP, Java, Python na Kotlin. Kijana atakayeandika mfumo mzima wa hospitali kwa Haskell kisha akapata kazi Berlin ataiacha hospitali ile na kitu ambacho hakuna jirani anayeweza kukitengeneza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wengi si kuhama lugha. Ni kuupanga upya msimbo ndani ya lugha uliyo nayo: hesabu na maamuzi yakae katikati kama fankisheni safi, na mambo ya kugusa ulimwengu, kama kusoma hifadhidata, kutuma ujumbe na kuangalia saa, yakae pembeni, machache na yanayoonekana. Lugha ya kifankisheni kamili ianze kufikiriwa pale kazi yenyewe inapoidai, kwa mfano huduma yenye miunganisho mingi isiyotakiwa kuzimika, na pale watu wa kuitunza wanapokuwa zaidi ya mmoja.

Mpangilio huo ukisikika kama nadharia, fikiria makato ya kutuma pesa kwa simu. Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo mpya kwenye miamala hiyo. Kabla mwaka haujaisha viwango vilikuwa vimepunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 vikapunguzwa tena. Mwanaprogramu mmoja aliyeandika fankisheni inayosoma viwango kutoka kwenye kigeu kimoja cha mfumo mzima angekibadilisha kigeu hicho kila mara, na kazi ingeonekana imekwisha. Mwingine angeandika fankisheni inayopokea vitu viwili, kiasi na jedwali la viwango, na kurudisha makato, bila kugusa hifadhidata wala saa. Majedwali ya zamani hayafutwi. Kila moja linakaa na tarehe zake.

Wa pili ana kazi kidogo zaidi mwanzoni, kwa sababu kila anayeiita fankisheni yake lazima ajue ni jedwali gani la kuipa. Lakini anaweza kuijaribu kwa dakika moja bila seva wala mtandao: kiasi kilicho chini kidogo ya mpaka wa kila daraja, kilicho mpakani, na kilichovuka mpaka kwa shilingi moja, maana makosa ya makato hupenda kukaa mipakani. Na mteja akija Oktoba na lalamiko kuwa alikatwa zaidi kwenye muamala wa Agosti, mwanaprogramu huyu anaipa fankisheni kiasi kile na jedwali la Agosti, na inatoa jibu lilelile iliyolitoa siku ya muamala. Yule wa kwanza ataipa kiasi kile na kupata makato ya Oktoba, kisha aanze kutafuta kwenye barua pepe za zamani viwango vya Agosti vilikuwa vipi.